Mkoba wa kroshia wenye mshazari wa mkeka: shajara ya kazi, Juni hadi Agosti

Jumamosi, 14 Juni 2025

Mfuko umenikatikia mshikio leo asubuhi mbele ya muuza viazi. Ni ile mifuko mbadala tuliyoizoea tangu ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Safari tatu inavumilia, ya nne inakumwagia nyanya barabarani. Nimeokota viazi vyangu, nimevifunga kwenye kanga, nimerudi nyumbani nimeshaamua: nafuma mkoba wangu mwenyewe.

Kufuma si kugeni kwangu. Vitambaa vya makochi sebuleni kwangu ni kazi ya mikono yangu, na vya jirani wawili pia. Lakini kitambaa cha kochi hakibebi kitu zaidi ya mgongo wa mgeni. Mkoba huu nataka ubebe kilo tano za viazi, nazi mbili, fungu la mchicha, na usilegee mpaka ukafika magotini. Kwa hiyo hapa hakuna mishono mirefu yenye matundu. Ni vifundo vifupi tu, vya kubana, kimoja ubavuni mwa kingine, kitambaa kitoke kigumu.

Na nataka rangi. Kuna mkeka wa ukindu niliopewa na Mama Mkubwa nilipoolewa, wa zambarau na kijani, mistari yake inapanda na kushuka kama mawimbi yenye pembe. Nimeutandika sakafuni, nimeukodolea macho saa nzima. Mchoro ni huo.

Jumapili, 15 Juni

Ngamiani, hapa Tanga mjini, duka la vifaa vya ushonaji. Muuzaji alinisukumia akriliki kwa kuwa ni rahisi na rangi zake zinang'aa. Nilikataa. Akriliki ni nzuri kwa kofia ya mtoto, ila mzigo ukining'inia inavutika, na ikisuguana na paja inaota vinyweleo. Nimechukua pamba, madonge matano ya gramu 100: mawili ya rangi ya maziwa, mawili ya zambarau, moja la kijani. Donge shilingi 7,000. Mume wangu kauliza kama mkoba wa 35,000 utabeba dhahabu. Sikumjibu.

Sindano mbili za ndoano ninazo tayari, ya milimita 3.5 na ya 3. Karatasi ya hesabu yenye miraba nimechomoa kwenye daftari la mwanangu, kwa ruhusa yake, iliyopatikana kwa andazi moja.

Jumatano, 18 Juni

Leo sikufuma hata kifundo, nimefua nyuzi. Nilikata urefu wa mkono wa kila rangi, nikalowesha, nikabana ndani ya leso nyeupe. Kijani safi. Zambarau imechuja, leso imekuwa kama iliyofuta mdomo uliokula zambarau mti mzima.

Jirani kanambia chumvi. Mwingine kanambia siki. Nimejaribu vyote viwili kwenye vipande, na rangi imechuja vilevile. Pamba iliyokwisha kutiwa rangi kiwandani haisikii chumvi ya jikoni, na kinachotoka ni rangi ya ziada ambayo haikushika tangu mwanzo. Dawa ni kuitoa yote kabla ya kufuma. Basi nimeyafumua madonge mawili ya zambarau, nikayazungushia mgongo wa kiti mpaka yakawa mafundo marefu, nikayafunga kwa nyuzi sehemu nne yasitatizane, nikayafua. Maji ya kwanza yalikuwa wino. Ya nne yametoka meupe. Nimeanika kivulini.

Ningeruka hatua hii, rangi ya maziwa ingekuwa ya urujuani siku ya kwanza mvua kunyesha.

Jumamosi, 21 Juni

Kipande cha majaribio, na maudhi.

Kwa asiyejua namna inavyofanyika: unafuma kwa rangi moja, na zile nyingine unazilaza juu ya mstari wa chini, kifundo kinazifunika. Zinasafiri ndani ya kitambaa bila kuonekana, zikingoja zamu. Ndiyo siri ya ugumu wake. Kila kifundo kimejaa nyuzi mbili zaidi tumboni, na kitambaa kinasimama chenyewe. Kubadili rangi kuna ujanja mmoja tu: kifundo cha mwisho cha rangi inayoondoka, ule mvuto wake wa mwisho unavuta uzi wa rangi inayokuja. Ukisubiri kifundo kiishe ndipo ubadilishe, rangi ya zamani inabaki na kofia juu ya kichwa cha mpya.

Hayo nimeyaweza. Kilichonishinda ni mchoro wenyewe. Nilichora pembe kwenye miraba ya daftari, mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa, hatua moja kwa kila mzunguko. Nikafuma mizunguko 20. Kilichotoka ni pembe iliyolewa. Mkono wa kulia umelala, wa kushoto umesimama wima kama mlingoti.

Nikadhani nimekosea hesabu. Nikafumua, nikarudia. Ikalewa tena, upande uleule.

Nikafuma mstari mmoja wa kwenda juu tu, wa zambarau, vifundo vitatu upana, kila kimoja juu ya mwenzake. Baada ya mizunguko 20 kichwa cha mstari kilikuwa kimehama kwenda kulia sentimita 3. Basi kosa si langu. Ukifuma kwa kuzunguka bila kugeuza kitambaa, na ukitumia mkono wa kulia, kila kifundo kinakaa kulia kidogo ya kile kilichokizaa. Kwenye kitambaa cha rangi moja huwezi kuona huko kuhama. Rangi ndiyo inayokufichua. Kwa mizunguko 60 mstari wangu wima ungetembea sentimita 9, yaani ungeanzia mbele ya mkoba ukakaribia ubavuni. (Wa mkono wa kushoto wanaenda kushoto. Pole zao na wao.)

Ipo njia ya kuuzuia. Badala ya kupitisha ndoano juu, chini ya vile vitanzi viwili, unaichoma katikati ya kifundo, baina ya miguu yake. Vifundo vinapandana wima na kitambaa kinafanana na cha sindano mbili. Nimejaribu. Umbo lilinyooka kweli, na ugumu wake ungetosha kuezekea. Ila baada ya mizunguko minane kifundo cha mkono wangu, kile cha mfupa, kilikuwa kinapiga kelele, na kila mara ndoano inapasua uzi. Mkoba mzima kwa njia hiyo, nitaumaliza nikiwa na bandeji.

Jumapili, 22 Juni

Pangani, kwa Mama Mkubwa. Nilikwenda na kipande changu kilicholewa ndani ya pochi.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda, au ni gauni?"

Nilipomwonyesha kipande alikigeuza, akakivuta pembe kwa pembe, akakinusa (sijui kwa nini, labda mazoea ya ukindu). Akauliza nimehesabuje. Nikamtolea karatasi ya miraba. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe unahesabu kwenda juu. Mkeka hauhesabiwi kwenda juu. Mkeka unakwenda kwa pembe."

Akauvuta ukili aliokuwa anausuka, ule ukanda wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, akaniwekea mapajani. Nimeona ukili maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuutazama kama mtu anayetaka kuuiba. Chane za ukindu, vile vipande vyembamba vya jani, hazisimami wala hazilali. Zote zinapita mshazari, nusu zinakwenda kulia, nusu kushoto, zikifika ukingoni zinakunjwa na kurudi. Hakuna mraba hata mmoja uliokaa wima. Yale mawimbi ya mkeka wangu si mchoro uliopangwa juu ya kitu kingine. Ni njia ya chane yenyewe: chane ya zambarau inakwenda inakokwenda, ukili wa pili unashonwa ubavuni ukiwa umeelekea upande mwingine, na jicho linaona wimbi.

Akasema, "Uzi wako unataka kwenda kulia. Mwache aende. Halafu mrudishe."

Nimerudi na kipande cha ukili urefu wa mkono na chupa ya asali ya mwanawe.

Jumanne, 24 Juni

Nimelala na sentensi yake. Leo usiku nimeitia kwenye hesabu.

Mkoba utakuwa na mikanda minne ya rangi, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja mizunguko 14, kama kili nne zilizoshonwa pamoja. Mkanda wa kwanza mistari inalala kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto.

Wa kulia ni rahisi: kila mzunguko nasogeza rangi kifundo kimoja kulia. Kifundo chenyewe kinaongeza kama theluthi. Jumla hatua moja na theluthi.

Wa kushoto ndio wa kumrudisha. Nikisogeza kimoja kushoto, kifundo kinanirudisha theluthi kulia, nabakiwa na theluthi mbili, na ndiyo maana ule mkono ulisimama kama mlingoti. Ili ulale sawa na mwenzake natakiwa kwenda hatua moja na theluthi mbili. Sifumi theluthi ya kifundo, lakini naweza kwenda moja, mbili, moja, mbili, kwa kupokezana. Inatoka moja na nusu. Kasoro ndogo, isiyoonekana kwa mtu anayechagua nyanya.

Rangi zimekaa hivi: zambarau 4, maziwa 3, kijani 4, maziwa 3. Jumla 14. Nimefuma kipande kipya saa mbili usiku hadi tano. Mawimbi yamesimama! Nimemwamsha mume wangu aone. Kasema, "Mbona ni mkeka."

Jumamosi, 28 Juni

Kitako. Vifundo 58 kwa mistari 22, kwenda na kurudi, zambarau tupu. Hapa nimeongeza kitu: kamba nyembamba ya katani, yaani nyuzi za mkonge, nimeilaza ndani ya vifundo pale ambapo uzi wa pili ungelala. Kitako kimekuwa kigumu kama kifuniko cha sanduku.

Katani kwa mtu wa Tanga haihitaji maelezo. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, vichipukizi vyake vikitokea Florida, na vingi vikafia safarini. Hadithi ya vile 62 vilivyofika vikiwa hai tuliisikia sote shuleni, wengine huku tukiona mashamba yake dirishani. Leo nimevuta kamba yake kutoka kwenye mfuniko wa gunia la mkaa. Inachoma vidole. Nimevaa plasta vidole viwili, na bado nyuzinyuzi zake zinachomoza. Juu ya zambarau hazionekani. Juu ya rangi ya maziwa zingeonekana kama ndevu, kwa hiyo katani itabaki kitakoni na kwenye mishikio.

Nimegundua kosa baada ya kumaliza. Kuzunguka kitako napata 58 na 22, mara mbili, yaani 160. Mchoro wangu ni wa 14. Mia moja na sitini haigawanyiki kwa 14, mstari wa mwisho ungekutana na wa kwanza wakiwa hawajuani. Nilikaribia kulia. Kisha nikakumbuka pembe: kitako kina pembe nne, nikiongeza vifundo viwili kila pembe kwenye mzunguko wa kwanza, napata 168. Kumi na mbili mara 14. Sikufumua kitu.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, sikukuu, hakuna kazi. Nimefuma tangu chai ya asubuhi.

Mizunguko miwili ya zambarau chini, kisha mkanda wa kwanza. Hata kwenye mizunguko ya rangi moja nimezibeba zile nyingine mbili ndani, maana bila hivyo kitambaa kinakuwa chembamba pale na kinene hapa, na mkoba unapata shingo. Mzunguko wa kwanza wenye rangi ulinichukua dakika 40. Wa kumi, dakika 18. Mdomo unahesabu wenyewe: nne-tatu-nne-tatu. Mwanangu mdogo ameanza kuuimba kama wimbo wa kuruka kamba.

Madonge matatu yakikaa pamoja yanasokotana kama watoto kitanda kimoja. Nimeyatenganisha: zambarau kwenye sufuria kushoto, maziwa kwenye bakuli mbele, kijani kwenye kopo la maziwa ya unga kulia. Kila badiliko la rangi, uzi unaoondoka nauweka nyuma, unaokuja nauleta mbele, daima hivyo. Ukikosa mpangilio mara mbili tatu, unaanza kufumua mafundo badala ya kufuma.

Mwanzo wa mzunguko nimetia pini ubavuni. Nafuma kwa kupanda mfululizo kama ngazi ya mnara, siungi kila mzunguko, kwa hiyo pale kwenye pini panatokea kidaraja cha rangi. Ubavuni hakuna anayetazama.

Jumamosi, 12 Julai

Nimefumua mizunguko sita. Vifundo 1,008, na ndiyo, nimehesabu, kwa hasira.

Niliushika mkoba kwa mbali kuutazama nikaona umefunga kiuno. Kuzunguka chini, sentimita 84. Kwenye mzunguko wa 20, sentimita 79. Nilikuwa nauvuta uzi unaolala ndani. Nilianza kuuvuta kwa sababu zambarau ilikuwa inachungulia kati ya vifundo vya rangi ya maziwa, na nikidhani nikiibana itajificha. Inajificha kweli, lakini kitambaa chote kinakunjamana kama suruali iliyotiwa mpira.

Tiba ni mbili. Kwanza, nimehama kutoka sindano ya 3.5 kwenda ya 3 kwa vifundo vya rangi ya maziwa tu, vibane zaidi na vifunike vizuri. Hapana, nimeifuta hiyo baada ya mizunguko miwili. Kubadilisha sindano kila vifundo vitatu ni wazimu. Nimehamia ya 3 kwa kila kitu, na mkono wangu nimeulegeza kidogo ulipe fidia. Pili, kila nikifika ubavuni nakinyoosha kitambaa kwa viganja viwili, uzi wa ndani urudi mahali pake, ndipo naendelea. Sasa 83 na nusu. Nakubali.

Jambo jingine dogo: mkanda wa pili, wa kushoto, unanichosha kichwa. Moja, mbili, moja, mbili. Nimeandika kwa kalamu ukutani jikoni, kijiti kimoja, vijiti viwili. Mume wangu anadhani ni hesabu ya gesi.

Jumamosi, 19 Julai

Umeme ulikatika jana usiku nikiwa mzunguko wa 37. Badala ya kuacha nikaendelea kwa tochi ya simu. Mwanga wake ni wa bluu, na zambarau na kijani zote zilikuwa nyeusi. Asubuhi nimekuta mizunguko miwili ambayo rangi zimepishana zamu.

Moja nimeifumua. Ya pili... nimeitazama sana. Iko nyuma, karibu na ubavu wa kulia, ni mraba mmoja tu wa kijani ulioingia kwenye njia ya zambarau. Nimeuacha. Kwenye mkeka wa Mama Mkubwa, nikiutafuta vizuri, ipo chane moja iliyokosea njia, na mkeka huo una miaka 14.

Jumamosi, 26 Julai

Mwili umeisha. Mikanda minne, mizunguko 56, miwili ya chini na minne ya juu: mizunguko 62, vifundo 10,416 bila kuhesabu kitako wala nilivyovifumua. Kimo sentimita 33. Uzi wa kijani umebaki urefu wa mkono wangu, kutoka ncha ya kidole hadi kwenye kiwiko. Ningenunua donge la pili, na muuzaji aliniambia, na nilimwona mwenye tamaa.

Ukiuweka mezani unasimama bila kushikwa, mtupu. Nimeusimamisha juu ya friji na kila anayeingia jikoni anaulizwa kama ameuona.

Jumamosi, 2 Agosti

Mishikio, na hapa nakiri nilikuwa na kiburi. Nilidhani ni jambo la jioni moja.

Nilifuma ukanda wa vifundo saba upana, sentimita 60, pamba tupu. Ulikuwa mzuri. Nikaufunga kwenye nondo ya dirisha, nikatundika dumu la lita 5 lililojaa maji, nikaenda kupika. Baada ya saa mbili nimepima: sentimita 67. Na umekuwa mwembamba kama ulimi wa paka. Nikitoa dumu unarudi hadi 64 na unakataa kuendelea. Mkoba wenye mishikio ya namna hiyo, mwezi mmoja tu unaburuza chini.

Nilikumbuka kitu kuhusu mikoba ya Wawayuu, watu wa rasi ya Guajira, huko Kolombia na Venezuela zinakopakana. Wanawake wao ni mabingwa wa kroshia ya rangi, mikoba yao ya duara inajulikana dunia nzima. Lakini mkanda wa begani hawaufumi kwa ndoano. Wanausuka, kazi tofauti kabisa, kwa sababu kilichosukwa hakivutiki kama kilichofumwa. Nilijua hilo kama mtu anavyojua habari za mbali. Sasa dumu langu limenieleza sababu.

Kusuka sijui kwa ustadi huo, lakini katani ninayo. Nimechukua kamba tatu, nimezisuka kama nywele, msuko mmoja wa kawaida, na nimefuma vifundo vya zambarau kuuzunguka mpaka ukafunikwa. Dumu, nondo ya dirisha, saa mbili. Kutoka sentimita 60 hadi 61. Nimelala usingizi wa mtu aliyelipwa deni.

Sikushonea kwenye ukingo. Nimeishusha mizunguko minane ndani ya mkoba, upande wa ndani, nikaishona kwa uzi wa nailoni wa kushonea viatu, msalaba ndani ya mraba. Ukingo peke yake ukibeba uzito unakunjuka na kuwa mdomo wa samaki.

Jumamosi, 9 Agosti

Bitana. Bila bitana, kalamu, ufunguo na vidole vya watoto vitapata njia baina ya vifundo na kuanza kuvuta. Nilitaka marekani nzito, nyeupe, ile imara. Fundi cherehani kaniambia ataipata wiki ijayo, na wiki ijayo ya fundi naijua. Nimetumia kanga.

Ilikuwa kanga ya zamani, doti iliyobaki upande mmoja, laini lakini nzima. Mji nimeutumia kwa mwili. Pindo, pamoja na mstari wa jina ulio juu yake, nimelikata likawa mfuko mdogo wa ndani, wa pesa na simu. Fundi kashona bila kutazama, jina la kanga likakatika, na kilichobaki katikati ya mfuko wa pesa ni neno moja la herufi kubwa: HAYAKUHUSU.

Fundi kaomba msamaha, kataka kulifumua. Nimemshika mkono.

Bitana imekuwa fupi kuliko mkoba kwa kidole kimoja, kwa makusudi. Uzito wote unakaa juu ya kanga na mishono yake, na kroshia haivutwi chini. Mzani wa jikoni unasema gramu 520 pamoja na kila kitu. Mzito kwa mkoba mtupu. Ndiyo bei ya nyuzi tatu ndani ya kila kifundo.

Jumatano, 13 Agosti

Sokoni. Viazi kilo tatu, nazi mbili, vitunguu, bamia, changu wawili ndani ya gazeti na chombo chenye kifuniko. Mshikio umetulia begani. Kitako hakikushuka. Muuza viazi yuleyule kauliza nimenunua wapi, nikamwambia Pangani, kwa sababu kwa namna fulani ni kweli.

Mambo ya kurekebisha, nayaandika kabla sijasahau. Katani ya kitako isiloweshwe, nitafuta kwa kitambaa chenye unyevu na kuanika kichwa chini. Mishikio ingekuwa mifupi kwa sentimita 4, mimi si mrefu. Kijani, madonge mawili. Na mkanda wa kushoto ujaribiwe mbili, moja, mbili, mbili, moja, mbili, ambayo inatoa sawasawa ile moja na theluthi mbili niliyoidharau. Nikitazama kwa jicho la husuda, mikanda ya pili na ya nne bado imesimama kidogo kuliko wenzake.

Mama Mkubwa kapigiwa simu, katumiwa picha. Amenipigia mwenyewe baada ya dakika tano.

"Umemrudisha vizuri. Sasa mbona nyuma kuna kijani kimepotea njia?"

"Umeme ulikatika, Mama Mkubwa."

"Haya. Wangu ufume mchana."